Msalaba Mara Mbili: Neno juu ya filme "Cat People"

Tulifundishwa kuzikimbia filme za vitisho. Hatukatai: nyingi ni bure. Walakini kuna moja ya mwaka 1942, "Cat People" ya Jacques Tourneur, ambayo katekista wa Masisi au Walikale ataielewa upesi kuliko mtu wa New York, maana ni habari ya bibi arusi anayeamini ya kuwa amerithi ulozi.

Irena (Simone Simon) alizaliwa Serbia, katika kijiji ambacho wenyeji walisemwa kugeuka chui. Anaolewa na Oliver, Mmarekani, lakini hakubali hata kumbusu, akiogopa kumrarua. Tusimcheke. Huko Beni, zamani za Wabelgiji, vihokohoko walivaa uchui na kuua watu kweli.

Wengi husifu vivuli vya filme hii. Sisi twasifu zaidi maneno yake machache. Siku ya arusi, wakiwa mezani, mwanamke asiyejulikana anamwita Irena dada kwa lugha ya kwao. Irena hajibu, anafanya ishara ya msalaba. Wote wanaona, wala hakuna anayejishughulisha na hofu yake. Baadaye anapelekwa kwa munganga wa akili. Huyo anapotaja roho, Irena anamwambia wazi kwamba maana yake ni akili tu, na akili yake haina taabu. Hata baada ya jibu hilo hakuna anayemtafutia padri!

Kisha Oliver anampenda Alice, mwenzake wa kazi. Usiku chui anawazunguka hao wawili ndani ya biro. (Afadhali tusingalimwona kabisa, sauti ilitosha.) Oliver anainua rula kubwa ya wachoraji, kivuli chake ukutani ni msalaba, anamsihi Irena kwa jina la Mungu awaache. Naye anatii. Watazamaji wanapumua. Sisi hatukupumua. Mnyama hatii Jina lile. Aliyetii ni yule yule aliyejiandika msalaba mezani. Alama aliyoikimbilia sasa inamfukuza, tena mkononi mwa mumewe.

Irena anakwenda kufungua tundu la chui, anakufa pale. Oliver anasimama mbele ya maiti na kusema kwamba mkewe hakuwadanganya kamwe. Maneno ya namna hiyo tumekwisha kuyasikia matangani, vinywani mwa walewale waliomfukuza marehemu.