Ufundi wa Kusali kwa Ukweli

Kujisalimisha kwa mapenzi ya Mungu ni hatua ya mwisho ya sala ya Kikristo, si ya kwanza. Kabla yake zipo mbili: kumweleza Mungu hali ilivyo, na kumwomba waziwazi kile ambacho moyo unakitaka. Anayeziruka hizo akakimbilia kusema kwamba lolote na liwe, hajasalimisha kitu, kwa kuwa hajaleta kitu. Ndiyo maana sala ya kweli ni ufundi: hufundishwa, hurudiwa kila siku, na hukomaa kwa mazoea.

Kielelezo chake ni Yesu katika Gethsemane. Hakuwaficha wanafunzi wake huzuni aliyokuwa nayo. Aliomba aepushwe na mateso, na kwa masimulizi ya Mathayo alirudi kusali mara tatu. Utii wake haukulifuta ombi. Vyote viwili vilitoka katika kinywa kimoja.

Zaburi ndizo zinazoufundisha ufundi huu kwa subira kubwa zaidi. Kitabu cha sala cha Kianglikana huzigawa Zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni, hivyo msomaji hachagui za furaha tu. Zaburi ya 88, ambayo huishia gizani bila neno la faraja, huangukia asubuhi ya siku ya 17. Anayeipitia kila mwezi hujua kwamba kulalamika mbele za Mungu si kukosa imani. Huzuni iliyotajwa ndiyo inayoweza kukabidhiwa.

Utaratibu huo wa sala uliingia Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, kupitia misheni ya Kianglikana ya UMCA. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, nia ikiwa kufika nchi za Ziwa Nyasa. Kundi likaweka makazi Masasi. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni waliivamia Masasi na kuchukua mateka. Hata hivyo kazi iliendelea. Tangu 1886 Kitangari ya Newala, iliyoandikwa Chitangali katika kumbukumbu za misheni, ilihudumiwa na Cecil Majaliwa, Myao aliyepata kuwa mtumwa. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo.

Historia hiyo inatoa onyo muhimu. Kanisa lililoanzishwa na watu waliotoka katika minyororo haliwezi kufundisha kwamba kila kinachompata mtu ndicho alichokitaka Mungu. Kumsalimishia Mungu maisha si kuubariki uonevu. Mama akifariki kwa kukosa usafiri wa kumfikisha hospitali, kuwaambia wafiwa papo hapo kwamba ni mapenzi ya Mungu ni kuwanyamazisha. Waache walie kwanza, wamuulize Mungu, na wadai njia ipitike kwa ajili ya mwingine.

Maisha ya Uwanda wa Makonde, ilipo Newala, yana mengi ya kuombea kwa majina yake. Juu ya uwanda mvua huzama mchangani, wala hakuna mito. Kwa vizazi vingi wanawake wameteremka mabondeni kutafuta maji na kupanda tena na ndoo kichwani. Mkorosho nao ukichanua, ugonjwa wa ubwiriunga unaweza kuyakausha maua kabla hayajafunga korosho. Mkulima anayesali kwa ukweli hasemi tu, “Ubariki mashamba yetu.” Anautaja ugonjwa, anaitaja ada ya shule inayosubiri mnada wa korosho, anaikiri hofu yake, hata wivu alionao kwa shamba la jirani. Kisha anaamka alfajiri kupuliza salfa. Mavuno ndiyo anayoyaacha kwa Mungu, kazi haiachi.

Basi kujisalimisha kwa kweli hutambulika kwa matunda matatu. Mtu huacha kumpangia Mungu masharti ya jibu. Hupata nguvu ya kutenda lililo ndani ya uwezo wake bila kuhangaikia lililo nje yake. Na ombi lisipojibiwa alivyotaka, hakatazwi kuliomba tena kesho, kwa maneno yaleyale, mbele ya Mungu yuleyule anayemwamini.