Mtunzi Aliyefunikwa na Kifo Chake: Cyprien Rugamba na Wajibu wa Kiswahili nchini Rwanda

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna Cyprien Rugamba, mtunzi wa nyimbo na ngoma wa Rwanda, anavyosimuliwa. Inadai kwamba simulizi ya kifo chake imeifunika kazi yake, na kwamba Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, kinaweza kuifikisha kazi hiyo kwa wasomaji wa Afrika Mashariki endapo tafsiri itauheshimu muziki wenyewe.

1.0 Utangulizi

Rugamba alizaliwa katika miaka ya 1930. Alipitia seminari, akasomea historia, kisha akaongoza taasisi ya kitaifa ya utafiti wa kisayansi mjini Butare, Huye ya leo. Alianzisha kikundi cha Amasimbi n'Amakombe, akakitungia nyimbo na kukibunia miondoko ya ngoma. Tarehe 7 Aprili 1994, mwanzoni mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, aliuawa jijini Kigali pamoja na mkewe, Daphrose, na watoto wao sita. Mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilifungua mchakato wa kuwatangaza wanandoa hao kuwa wenye heri.

2.0 Wasifu Unaosomwa Kinyumenyume

Simulizi zinazosambaa zaidi huanzia kwenye kifo na kurudi nyuma. Kurejea kwake katika imani mwaka 1982 hufanywa mpaka: yaliyotangulia huwa giza, yaliyofuata huwa nuru. Heshima wanayopewa wafiadini hao ni ya haki, na mhakiki hana sababu ya kuipunguza. Tatizo ni la kihakiki: usomaji wa aina hii huugeuza kila wimbo kuwa ushahidi wa utakatifu, na usiotoa ushahidi huo huachwa.

Kinachopotea ni kikubwa. Rugamba aliujua urithi wa mashairi, nyimbo na ngoma za Rwanda kama mtafiti, akautumia kama mtunzi. Hakuuhifadhi kama kifaa cha makumbusho. Aliutungia kazi mpya, akaupeleka jukwaani. Ikiwa muziki wa kiklasiki ni ule wenye kanuni zilizorithiwa na unaodai umahiri wa muda mrefu, basi yeye ni mtunzi wa kiklasiki bila kuhitaji okestra ya Ulaya kumthibitisha.

3.0 Neno na Sauti

Tuchukue wimbo wake Inda nini. Kwa neno kwa neno, jina hilo ni "tumbo kubwa". Katika matumizi ya Kinyarwanda ni tamaa ya mtu anayejitazama mwenyewe tu. Mfasiri akiandika "tumbo kubwa", msomaji wa Kiswahili anaweza kufikiria maradhi au ujauzito. Akiandika "uroho", maana inafika lakini taswira inapotea.

Ugumu wa pili umo katika sauti. Kinyarwanda ni lugha ya toni, nacho hutofautisha irabu fupi na ndefu. Neno inda lenyewe laweza kuwa tumbo au chawa: tahajia ni moja, toni ndiyo hutenganisha. Kwa hiyo mtunzi wa Kinyarwanda hawezi kuipandisha au kuishusha sauti bila kujali neno. Kiswahili sanifu hakina toni ya namna hiyo. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tukilazimisha maneno ya Kiswahili katika lahani ileile, tunabaki na wimbo ambao sababu ya umbo lake imeondolewa.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kwanza, tafsiri za kuimbwa zisitangulie. Kinachohitajika ni matoleo yenye matini ya Kinyarwanda, alama za toni na urefu wa irabu, tafsiri ya nathari ya Kiswahili, na maelezo ya muktadha, yakiambatana na rekodi. Pili, nyimbo za kabla na za baada ya 1982 zihaririwe pamoja, kama kazi ya mtu mmoja.

Tatu, na hili ni la wapangaji sera: Kiswahili kikiingia Rwanda kama lugha ya fomu za ofisini na biashara ya mipakani pekee, kitabaki mgeni. Mgeni husikiliza kwanza. Lugha inayotaka kuwa ya ukanda mzima haina budi kujifunza kumsikiliza Rugamba kwa lugha yake, kisha kuwaeleza majirani ilichosikia.