Neno "Ukakasi" na Jamaa Zake

Mtu alaye ndizi mbichi, au bibo ambalo halijaiva sawasawa, hupatwa kinywani na jambo ambalo si uchungu wala si uchachu. Ulimi hukauka ingawa mate yamo, na ufizi huwa kana kwamba umepakwa vumbi. Hali hiyo ndiyo iitwayo ukakasi. Wenye elimu ya mimea hutueleza ya kuwa tunda bichi lina kitu kiitwacho tanini, ambacho hushikamana na protini za mate na kuyaondolea utelezi wake. Kwa hiyo ukakasi, kwa hakika, si ladha, bali ni mguso. Twamwomba msomaji alishike neno hili la mguso, maana tutalihitaji.

Siku hizi ukakasi umetoka kinywani umeingia masikioni. Twasikia bungeni, na twasoma magazetini, kwamba kauli fulani ina ukakasi, au mkataba fulani una ukakasi. Wako walimu wenzetu wasemao kwamba huko ni kuliharibu neno. Ukakasi ni wa matunda, na maneno yana sifa zake. Sisi tulikuwa miongoni mwao zamani. Mwanafunzi mmoja aliandika katika insha yake kwamba salamu za mgeni aliyekuja shuleni zilikuwa na ukakasi, nasi tukalikata neno hilo kwa wino mwekundu, tukaandika pembeni "zilichukiza". Mtoto akaja na daftari lake mkononi, akasema kwa adabu, "Mwalimu, hazikuchukiza. Alitusalimu vizuri, lakini hakututazama." Hatukuwa na jibu. Tulimrudishia alama yake, na tangu siku ile tumekuwa tukiyachungulia maneno ya jamaa hii kwa uangalifu zaidi.

Kwa maana kamusi, zikitaka kueleza neno moja la namna hii, aghalabu humimina mengine yote mahali pamoja: karaha, kero, maudhi, chukizo, na msomaji hudhani ni mamoja. Si mamoja. Lichukizalo limekwisha kukataliwa na moyo. Lenye ukakasi limepokelewa, pengine limemezwa kabisa, ila limeacha kitu nyuma yake ambacho ulimi warudi kukitafuta. Mtoto yule aliijua tofauti hiyo kabla yetu.

Karaha ni neno la Kiarabu, na jamaa yake ni makuruhi, yaani jambo ambalo katika sheria ya Kiislamu halikuharimishwa lakini ni afadhali kuliacha. Wengi hudhani kwamba karaha ni raha iliyotiwa silabi mbele ili igeuke kinyume chake. Hata! Ni mashina mawili mbalimbali, na hata hiyo "h" si moja katika maandiko ya Kiarabu; Kiswahili ndicho kilichozikutanisha zikawa vina. Kero nayo ina sifa ya kurudiarudia: nzi mmoja apitaye si kero, nzi asiyeondoka ni kero. Ndiyo maana Tanzania watu husema "kero za Muungano" wakikusudia mambo yaliyosumbua miaka mingi, wala hawasemi ukakasi wa Muungano. Na kukereketa ni kwa koo, kama moshi wa kuni mbichi au pilipili; lakini tazama jinsi lugha ichezavyo, kwani mkereketwa leo ni mfuasi wa chama mwenye bidii, na hakuna amwoneaye huruma kwa koo lake. Ganzi, tena, ni ya meno yaliyokutana na ukali wa limau. Mlango usiotiwa mafuta hukwaruza, na sauti mbaya hukwaruza vilevile. Hapa sikio limefanywa ngozi.

Msomaji ataona kwamba karibu yote haya ni mambo ya mwili: koo, meno, ngozi, ulimi. Kiswahili hakisemi kwanza kwamba kitu hakilingani na kingine; husema mahali kinapouma. Walakini maneno ya kutolingana yapo. Mambo husigana, hukinzana, huenda kombo, huenda mrama kama chombo kinachoyumba ubavu kwa ubavu. Na washairi wana neno lao zuri mno, guni, yaani shairi lililokosa vina au mizani. Sheikh Amri Abedi, aliyetoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alizieleza kanuni hizo kwa utaratibu, lakini msikilizaji wa pwani ambaye hakusoma kitabu chochote huitambua guni mara moja, kabla hajahesabu silabi hata moja.

Basi hatuwalaumu wasemao kwamba kauli ina ukakasi. Tunalolilaumu ni jingine, nalo ni kulitumia neno hili pale ambapo neno lililo wazi lilihitajika. Kwa kuwa ukakasi ni mguso tu, mwenye kuutaja hakumshtaki mtu. Hakusema uongo, hakusema dhuluma, hakusema wizi. Amesema habari za ulimi wake mwenyewe.

Tulihudhuria mkutano mmoja wa wakulima wa korosho, kusini mwa Tanzania. Katibu, kijana msomi mwenye mwandiko mzuri, alisoma taarifa yake, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii: hesabu za ghala la msimu uliopita zina ukakasi kidogo. Watu walitikisa vichwa, na mwenyekiti akataka kuendelea na jambo la pili. Ndipo bibi mmoja aliyeketi mkekani karibu na mlango aliponyosha mkono.

"Mwanangu," akasema, "ukakasi naujua. Nimekula mabibo tangu sijaota meno ya ukubwani. Mimi nilileta magunia kumi na manne, nikalipwa kumi na moja. Huo ni ukakasi wa nini?"

Katibu alijibu kwamba amelitumia neno hilo kwa heshima, asije akamvunjia mtu uso.

"Uso wa nani?" akauliza bibi.

Hakuna aliyejibu. Katibu aliinamisha kichwa juu ya karatasi yake, akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja, akaandika mbele ya watu wote: magunia yaliyopokelewa ghalani ni mengi kuliko yaliyolipwa, na wanachama wanataka kujua yaliyopungua yako wapi. Kisha akamsomea bibi mara mbili, naye akasema sasa inasikika.