Tone Moja, Kimelea Kimoja

Mwaka 2006 watafiti wa kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Tabora, walichapisha matokeo kuhusu usugu wa dawa katika vimelea vya malale vya Tanzania. Damu ya mgonjwa wa Urambo, mkoani Tabora, ikionyesha usugu, je, ni vimelea vyote vilivyo sugu, au ni vichache vilivyojificha kati ya vingi? Kulijibu swali hilo kunahitaji kloni: ukoo mzima uliotokana na kimelea kimoja tu.

Njia ya zamani ni kuzimua. Vimelea hupunguzwa hadi kila kisima cha sahani ya visima 96 kipate, kwa wastani, nusu kimelea. Kwa hesabu ya bahati, visima 58 hubaki vitupu, 29 hupata kimoja, na 9 hupata viwili au zaidi. Kwa hiyo karibu robo ya visima vinavyoota si kloni. Hadubini nayo haitoi uhakika, maana kimelea hiki hakitulii. Huogelea hadi ukingoni mwa kisima, mahali pasipoonekana vizuri.

Njia mpya ni chipu ya mikrofluidiki. Humo, maji yenye vimelea hupita katika mfereji mwembamba kama unywele, mafuta yakayabana huku na huku hadi yakatike matone. Wengi huisifu chipu kana kwamba imeishinda bahati. Haijaishinda, imeufanya utupu uwe rahisi. Ukizimua hadi kimelea kimoja kwa matone kumi, matone 90 katika 100 ni matupu, lakini yenye kitu, 95 katika kila 100 yana kimoja tu. Kwenye sahani, kwa kuzimua hivyo, ungeambulia kloni 8 au 9 tu. Matone hutoka kwa maelfu, na kila moja hupita mbele ya kamera.

Tatizo ni msongamano. Tone la kipenyo cha mikromita 50 lina pikolita 65 tu. Kimelea kimoja humo ni sawa na milioni 15 kwa mililita, wingi usiovumiliwa na vimelea vya damu. Tena vimelea vya malale huhisi wingi wao: peptidi zinazotokana navyo zikijazana, hugeuka vifupi, huacha kugawanyika na kumngoja mbung'o. Ndiyo maana naona tone litumike kuthibitisha upweke tu, kisha kimelea kihamishiwe kisimani mara moja.

Watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walikuza vimelea vya aina iishiyo ndani ya mbung'o katika matone. Hata vya kloni moja havikukua kwa kasi moja. Kwa hiyo atakayepima dawa kwa vimelea vya Urambo apime kloni nyingi za mgonjwa mmoja, na kila kloni airudie.