Jiji Moja, Halmashauri Tano

Kiuchumi Dar es Salaam ni jiji moja. Kiutawala ni vipande vitano. Mwaka 2000 liligawanywa katika manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyoziunganisha ilivunjwa, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Hoja ilikuwa kuondoa gharama za vyombo viwili kufanya kazi moja. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli: kilichoondolewa ni kiungo, migawanyiko ikabaki.

Tutazame hali halisi. Mchuuzi wa Mbagala hutoa jasho lake Kariakoo. Ushuru huingia Ilala, lakini zahanati ya mtaani kwake hungoja mfuko wa Temeke. Mto Msimbazi nao hautambui mipaka: taka zinazotupwa juu huziba maji Jangwani, na maskini wa bondeni ndio wanaofurikiwa.

Wako wanaodai kwamba wingi wa halmashauri ndiyo demokrasia. Sivyo. Wingi wa ofisi si wingi wa madaraka ya wananchi. Lakini historia inatuonya pia: baada ya uamuzi wa 1972 halmashauri zilivunjwa kwa amri ya juu, huduma za miji zikazorota, hata serikali za miji zikarejeshwa 1978.

Kwa hiyo mapato, mipango na usafi viunganishwe chini ya baraza moja lililochaguliwa. Kata na mitaa zibaki na sauti ya kulihoji. Umoja usio na sauti hiyo ni urasimu tu.