Dashibodi ya IST chini ya mwarobaini wa Tandika

Ilikuwa IST ya teksi, na mwenyewe aliileta kwa waosha magari isafishwe ndani tu. Lalamiko lake lilikuwa moja: dashibodi inanata, na jua la saa sita likipiga, mng'ao wake unaruka kwenye kioo cha mbele mpaka barabara haionekani vizuri.

Kijana aliyeipokea alipitisha kidole juu ya dashibodi, akakisugua na kidole gumba. "Mzee, hii ni mafuta juu ya mafuta. Kila wiki inapakwa mengine." Nikavuta kiti, nikakaa mpaka kazi ikaisha. Ilichukua zaidi ya saa mbili, na kila hatua ilikuwa na sababu yake.

Mafuta mengi ya kung'arisha yanayouzwa barabarani ni ya silikoni, na silikoni haikauki. Inabaki utando unaokamata vumbi, na Temeke vumbi hatuna uhaba nalo; miaka ya ujenzi wa njia ya mabasi yaendayo haraka pale Barabara ya Kilwa tulilila kwa mdomo. Mchanga ukishanaswa, tambara linalopita juu yake hukwaruza kama msasa.

Kwa hiyo kijana hakuanza na maji. Alichukua brashi mpya ya rangi, laini, akachokonoa matundu ya AC na mistari ya redio, huku mwenzake akivuta vumbi kwa mashine. Ndipo akaweka matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo kwenye maji ya uvuguvugu, akachovya kitambaa, akakikamua sana. Hakumwaga tone juu ya dashibodi, maana chini yake kuna nyaya na eabegi. Sabuni ya unga hakuigusa, na nakubaliana naye: ina ukali wa magadi, na unga wake huganda mweupe kwenye vinyweleo vya plastiki.

Kitambaa cha kwanza kilitoka kama kimefuta oili chafu. Cha pili kikawa kijivu. Cha tatu ndicho kilichotoka karibu safi, na hapo mkono ukaacha kunata. Wengi wetu huishia cha kwanza, tunaona rangi imebadilika, tunapaka mafuta mapya.

Kisha akachomoa mfuniko wa droo ya abiria, akaugeuza. Nyuma yake plastiki ilikuwa imegongwa herufi: >PP<. Ni alama ya kiwanda, inayosema hiyo ni polipropilini, plastiki ngumu na vumilivu. Ukikuta >ABS<, kaa mbali na tina. Siti zilikuwa na kava za leza, zile zinazoshonwa hapa hapa mjini, na hiyo ni vinili, yaani PVC ile ile ya mabomba ya maji. Bomba ni gumu, siti ni laini, kwa sababu kwenye siti kiwanda kimechanganya mafuta maalumu ya kuilainisha. Uhai wa leza uko kwenye mafuta hayo.

Joto ndilo linaloyatoa. Mwaka 2018 watafiti walipima magari yaliyoegeshwa juani Tempe, jimbo la Arizona, Marekani: baada ya saa moja dashibodi zilifika wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi. Dar hatufikii joto la jangwa lile, lakini jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba. Ule ukungu wa mafuta unaoshika kioo kwa ndani, sehemu yake ni mafuta hayo yaliyokimbia vinili. Yakiisha, leza hukakamaa na kupasuka kwenye mshono, na hakuna cha kupaka kitakachoyarudisha. Toyota nao walijua kwa gharama jinsi joto linavyoharibu dashibodi: Marekani ilibidi wabadilishe dashibodi za Camry za 2007 hadi 2011 zilizokuwa zinanata kwa joto na unyevu.

Ndiyo maana napinga kwa nguvu zote kufuta leza kwa petroli. Inang'oa uchafu mara moja, ni kweli, lakini inang'oa na kile kilainishi, achilia mbali hatari ya moto na mvuke anaouvuta abiria.

Mwisho kijana alipaka kinga yenye msingi wa maji na kizuia miale ya jua. Alinyunyizia kitambaa, si dashibodi, akatandaza nyembamba, akasubiri kama dakika kumi, akafuta ziada kwa kitambaa kikavu. Usukani na pedali hakupaka chochote. Hapo hakuna mjadala: mguu ukiteleza kwenye breki, usafi wote hauna maana.

"Mbona haing'ai, mwanangu?" mzee akauliza.

"Ingia, mzee. Kaa, tazama kioo."

Akaingia. Gari lilikuwa limeelekea jua. Akatazama mbele muda mrefu, akateremka, akafungua buti, akatoa kanga kuukuu na kuitandika juu ya dashibodi kabla hajaenda kunywa chai.