Ufundi wa Kufunga Sola Bondeni Kilombero

Bonde la Kilombero limepakana na umeme pande mbili. Kaskazini kuna Kidatu, bwawa lililoanza kuzalisha mwaka 1975, lenye uwezo wa megawati 204. Kusini-magharibi, ukingoni mwa Milima ya Udzungwa, kuna Kihansi yenye megawati 180. Na maji ya Mto Kilombero huteremka kuingia Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere. Nguzo zimefika Ifakara mjini, lakini ukiiacha barabara ukashika njia ya mashamba ya mpunga, utafika mahali nguzo zimeisha na nyumba bado zinaendelea. Huko mwanga hutegemea mtu anayenunua paneli, betri na waya, akapanda juu ya bati na kufunga mwenyewe. Mtu huyo akiifanya kazi yake sawasawa, anastahili heshima tunayompa seremala au mwashi hodari.

Nusu ya kazi huimaliza akiwa amekaa na kalamu. Taa nne za wati 5, zikiwaka saa tano kila usiku, zinakula wati-saa 100. Redio ya wati 5 kwa saa sita inakula 30. Simu mbili zinataka kama 20. Jumla ni 150 kwa siku. Ukigawanya kwa volti 12 za betri unapata ampea-saa 12 na nusu. Lakini masika Kilombero jua linaweza kujificha siku mbili mfululizo, kwa hiyo anazidisha kwa mbili. Tena betri ya risasi haipendi kunyonywa kupita nusu, kwa hiyo anazidisha kwa mbili tena. Sasa anajua anatafuta betri ya ampea-saa 50. Upande wa paneli, akihesabu saa nne za jua la uhakika na kuacha robo ipotee njiani, wati 50 zinatosha kwa siku ya kawaida. Mwenye kuona mbali hununua 80, maana betri iliyotumika siku mbili za mawingu inadai kujazwa upya huku taa za usiku nazo zikiendelea kudai zao.

Akiwa na hesabu hiyo, dukani hadanganyiki kirahisi. Betri anaiinua kwanza: ya risasi ya ampea-saa 50 ina uzito wa kilo 15 hivi, na iliyo nyepesi mno haina ndani kile kilichoandikwa nje. Paneli anaipima kwa futi. Mita moja ya mraba ya paneli za kawaida hutoa wati 170 hadi 200 jua likiwa kali, kwa hiyo paneli yenye maandishi ya wati 100 na upana wa sinia ni ya kurudisha rafuni. Kisha anaitoa nje juani na kuweka mita ya volti kwenye nyaya zake. Ile ya kuchaji betri ya volti 12 inatakiwa isome volti 20 na ushee kabla haijaunganishwa na chochote.

Juu ya paa ndipo ufundi unapokutana na elimu ya anga. Ifakara iko nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri hukaa kaskazini, kwa hiyo paneli huelekezwa kaskazini na kuinamishwa kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iteremke na vumbi. Lakini kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari jua huhamia kusini mwa paa. Mwembe ulio upande wa kusini wa nyumba, usio na madhara mwezi Julai, Desemba unaweza kutupa kivuli juu ya kioo. Paneli ya volti 12 kwa kawaida ina seli 36 zilizofuatana kwenye mstari mmoja wa umeme, na kivuli cha tawi kwenye seli chache hukaba nguvu ya zote. Kwa hiyo fundi hutazama miti ya pande zote mbili kabla ya kutoboa tundu la kwanza.

Tundu lenyewe lina adabu yake. Hutobolewa kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde lake maji yanapopita, na skrubu yenye raba hushika papi iliyo chini, kwa sababu bati peke yake halihimili upepo. Kati ya paneli na bati huachwa nafasi ya kupitisha kiganja. Paneli ikipata joto hupungukiwa nguvu, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi ya selsiasi juu ya 25, na bati la Kilombero mchana linachoma.

Waya ndio unaotenganisha fundi na mbahatishaji. Kwenye volti 12 umeme hauvumilii waya mwembamba. Ampea 5 zikisafiri mita 10 kwenye waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, kwenda na kurudi, hupoteza kama volti 0.7. Kwenye waya wa 0.75 hupotea zaidi ya volti 2, na betri inaweza kuchelewa kujaa hata jua likiwa kali. Kabla ya kuuingiza ndani, fundi huuacha waya ulegee chini kidogo ya tundu la ukutani, ili tone la mvua lidondokee nje. Ni jambo dogo, lakini nyumba yenye waya wa namna hiyo imepita mikononi mwa mtu anayejua.

Kuunganisha kuna mpangilio usiovunjwa: betri kwenye kontrola, kifaa kinachodhibiti chaji, kwanza, paneli baadaye, taa mwisho. Kufungua ni kinyume chake. Kontrola inatakiwa iijue betri kabla haijapokea nguvu ya juani. Fyuzi hukaa karibu kabisa na ncha ya chanya, kwa sababu betri ikipigwa shoti ina nguvu ya kuwasha moto. Ncha hupakwa grisi zisiliwe na kutu kwenye unyevu wa bondeni.

Betri huwekwa juu ya kichanja, kwani mafuriko ya Kilombero si habari ngeni, na mahali penye hewa, kwa sababu betri ya maji ikichajiwa hutoa gesi inayowaka. Maji ya kuongezea ni yale yaliyosafishwa ya dukani. Ya kisima yana chumvi inayoua betri taratibu. Kiangazi, vumbi la barabarani na moshi wa mashamba yanayochomwa hutanda juu ya kioo, na kitambaa chenye maji asubuhi, kabla bati halijachemka, hurudisha nguvu iliyokuwa imepotea bure.

Uzuri wa ujuzi huu ni kwamba unahamishika. Msimu wa mpunga familia zinapohamia shambani na kukaa kwenye dungu, paneli ndogo na betri vinaweza kwenda nao, na hesabu ni ile ile.

Ukitaka kufunga ya kwako, usianze na duka. Anza na karatasi: andika kila kitakachowaka na kwa saa ngapi. Kisha mwombe aliyefunga yake miaka kadhaa iliyopita, na ambayo bado inawaka, akuoneshe waya zake. Pesa ikipungua, punguza idadi ya taa, usipunguze unene wa waya.